Mwingereza hakuzifuta mahakama za sharia, alizipunguzia kazi

Mmeuliza wiki hii kama wakoloni waliziua mahakama za Kiislamu katika nchi za masultani wa Asia ya Kusini-Mashariki. Kwa majimbo ya Kimalei, yaani Malaysia ya leo, nasema hapana. Walifanya jambo la ujanja zaidi.

Januari 1874, kwa Mkataba wa Pangkor, Sultani wa Perak alipewa mshauri Mwingereza. Ushauri wake ulikuwa lazima ufuatwe katika kila jambo, isipokuwa dini na mila za Kimalei. Ushauri usiokataliwa, jamani! Birch, mshauri wa kwanza, aliuawa mwaka uliofuata, lakini mpango wenyewe ulibaki na kuenea. Kodi na polisi vikaenda kwa Mwingereza, sultani akaachiwa dini.

Wengi husema basi sharia iliachwa huru. Siafiki. Zamani hukumu za sultani, mseto wa sharia na mila, zilifika hadi kwenye mauaji na madeni ya biashara. Sasa makosa makubwa yakahukumiwa kwa sheria za Kiingereza, na kadhi akawekwa katika ngazi za chini za mahakama za serikali, akibaki na ndoa, talaka na mambo ya namna hiyo. Mwaka 1927, katika kesi ya Ramah na Laton kuhusu mali iliyochumwa na mume na mke, ilibidi majaji wa rufaa watamke kwamba sheria ya Kiislamu si ya kigeni, ni sheria ya nchi. Yaani katika nchi ya Waislamu hilo lilihitaji kuamuliwa mahakamani!

Ila masultani nao hawakulala. Walichoachiwa wakakijenga: Kelantan iliunda baraza lake la dini mwaka 1915, na katiba ya 1957 ikamwacha kila sultani kuwa mkuu wa Uislamu jimboni mwake. Marekebisho ya 1988 yakazizuia Mahakama Kuu kuingilia mambo yaliyo chini ya mahakama za sharia.

Sisi wa pwani tunaujua mtindo huu. Kenya, katiba ya 2010 inamruhusu kadhi kuamua hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, tena pande zote zikiwa za Waislamu na zikikubali.

Na mipaka ile ingali inauma. Februari 2024 Mahakama ya Shirikisho ya Malaysia, majaji 8 dhidi ya 1, ilibatilisha vifungu 16 vya sheria ya jinai ya Kiislamu ya Kelantan, kwa hoja kwamba makosa hayo ni ya bunge la shirikisho kuyatungia sheria, si ya jimbo.