Homecoming na prom siyo kitu kimoja
Umeuliza kama homecoming na prom, hizi sherehe za shule za sekondari Marekani, ni kitu kimoja. Hapana, ni vitu viwili tofauti kabisa. Homecoming ni Septemba au Oktoba mara nyingi, na yote inazunguka mechi ya futiboli ya Kimarekani ijumaa usiku, waliomaliza zamani wanarudi shuleni kwao, malkia na mfalme wa sherehe, yaani wanafunzi waliochaguliwa, mara nyingi wanatangazwa hapohapo uwanjani, halafu dansi ndo jumamosi. Prom, yaani dansi rasmi ya shule, inakuja mwishoni mwa mwaka wa shule, Aprili au Mei, haina mechi. Niko Texas, mwaka jana kwenye homecoming binti yangu alivaa lile ua kubwa wanaloita mum, riboni zimeshuka kutoka kifuani mpaka magotini na vikengele vinalia kila akipiga hatua, alipendeza sana. Ila ratiba zinatofautiana, ulizia shuleni kwa kijana wako.