Fundi Anajibu: Taa za pikapu zimefifia, ninunue balbu kali zaidi?

SWALI: Fundi, salamu kutoka Panyimur. Nina pikapu, Toyota Hilux ya dizeli ya mwaka 1997. Napakia samaki jioni pale ziwani, natoka saa mbili usiku kwenda Arua, na mara mbili kwa mwezi nafika nao Kampala. Taa za mbele zimekuwa za manjano kama kibatari. Lori likinijia, nikishapishana nalo sioni kitu mpaka nikaribie kusimama. Juzi, nimeshavuka daraja la Pakwach naelekea Karuma, nilimkuta tembo kando ya lami karibu sana, hata jasho likanitoka. Kijana mmoja wa spea anataka kuniuzia balbu za LED, anasema zitamulika kama mchana. Mwingine ananishauri niweke halojeni za wati 100. Nimsikilize nani?
Mama wa samaki, Panyimur

JIBU: Mama, pole sana, na ashukuriwe Mungu umefika salama. Barabara hiyo ya Pakwach hadi Karuma naijua, nimeipita usiku mara nyingi nikienda kuokoa magari ya wateja yaliyozimika njiani. Tembo akisimama pale rangi yake ni ileile ya giza, na taa za dimu zinamulika miguu tu, nawe kwa mbali unadhani ni mashina ya miti. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Kabla mguu haujagusa breki, mita hizo 22 zimeshakwisha. Taa inayokuonyesha mita 40 tu haikutoshi kwa mwendo huo, hata breki ziwe mpya. Mpaka taa zitengenezwe, tafadhali usizidishe 50 usiku.

Kuhusu hao vijana wawili, usimpe hata mmoja pesa yako kwa sasa. Kwanza tujue umeme unapotelea wapi.

Mwezi uliopita nililetewa hapa Arua Hilux kama yako, na mwenyewe alikuwa ameshabadilisha balbu mara tatu. Niliwasha injini na taa, nikaweka mita ya kupimia umeme kwenye betri, ikasoma volti 14.1. Nikachomoa kifuniko cha mpira nyuma ya taa ya kushoto, nikagusisha ncha za mita kwenye miguu ya balbu hiyohiyo ikiwa inawaka: 11.6. Volti mbili na nusu zimepotea njiani! Na balbu ya halojeni, hii ya uzi kama zako, haisamehe. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30, tena unageuka manjano. Hicho ndicho kibatari chako. Balbu ni nzima, ina njaa.

Umeme huo unapotelea kwenye waya. Katika magari mengi ya umri huo, mkondo wote wa taa unazunguka mpaka kwenye swichi ya usukani ndipo urudi mbele, kwa waya mwembamba uliokwisha kuchoka. Nilipofungua swichi ya Hilux ile nilikuta kishikio kimoja cha shaba kimegeuka rangi ya kahawia, na plastiki iliyokizunguka imejikunja kama ngozi iliyoungua. Kila mahali panapopata moto namna hiyo, ujue umeme wako unaliwa hapo.

Dawa ni relei, yaani swichi ndogo inayoamshwa na umeme. Ziwe mbili, moja ya fulu na moja ya dimu. Waya mnene, walau milimita 4 za mraba, utoke moja kwa moja kwenye chanya ya betri, upite kwenye fyuzi iliyofungwa karibu kabisa na betri, uingie mguu namba 30 wa relei. Namba 87 iende kwenye taa. Waya za zamani za swichi zinabaki na kazi ndogo tu ya kuamsha relei kupitia namba 85 na 86. Kila relei iwe na fyuzi yake ya ampea 15, ili moja ikiungua usiku uwe bado na nyingine ya kukufikisha. Na waya wa hasi ufungwe upya kwenye bodi: kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza bolti, paka grisi.

Hapa naomba umsomee fundi wako sentensi hii. Toyota nyingi za zamani swichi yake inakata upande wa hasi, si wa chanya. Chanya inakaa kwenye taa muda wote. Fundi asiyelijua hilo akifunga mguu 85 kwenye bodi kwa mazoea, relei hazitaamka, naye ataanza kukata waya ovyo. Apime kwanza kwenye soketi ya taa kabla ya kukata chochote.

Ile Hilux tulipoimaliza, mita ilisoma 13.7 kwenye balbu. Balbu zilikuwa zilezile, H4, yaani balbu yenye nyuzi mbili, wati 60 za fulu na 55 za dimu. Mwenyewe alisimama mbele ya gari amejikinga macho kwa mkono.

Sasa turudi kwa vijana wako. Wati 100 nakukataza kabisa, na nakukataza kwa sababu niliwahi kuzifunga mimi mwenyewe. Nilikuwa bado mgeni katika kazi, mteja akazitaka, nikaziweka bila kugusa waya. Balbu ya wati 100 inavuta zaidi ya ampea 8 badala ya 5. Siku ya tatu akarudi, soketi imeyeyuka ikagandamana na miguu ya balbu, na alikuwa ameendesha kilomita nyingi gizani kwa taa moja. Soketi ile bado ninayo kwenye droo, nawaonyesha vijana ninaowafundisha.

LED za kuchomeka kwenye taa ya halojeni nazo zina kasoro, ingawa ukiziangalia kwa macho zinang'aa. Ndani ya balbu ya H4, chini ya uzi wa dimu, kuna kikombe kidogo cha bati kinachozuia mwanga usiende juu kwenye macho ya mwenzako, na kioo cha taa kimechongwa kikihesabu kwamba uzi upo mahali hapo hasa. Balbu nyingi za LED hazitoi mwanga kutoka mahali hapo. Unapata weupe mwingi mita chache mbele ya bampa, mbali panabaki giza, na dereva wa lori anapofuka. Anayepofuka ndiye anayekuja upande wako. Taa nzima iliyotengenezwa kiwandani kwa LED ni habari nyingine, hiyo ni nzuri, lakini balbu peke yake hapana.

Kabla ya yote hayo chungulia ndani ya taa mchana. Ile sahani inayorudisha mwanga ikiwa imeliwa na kutu au imekuwa ya kijivu, hakuna relei itakayoiponya, nunua taa mpya. Usiisugue kwa kitambaa, unaimalizia. Nje, wale nzi wa ziwani wanaoganda kwenye kioo wafute kila jioni kabla ya kuondoka, kwa kitambaa chenye maji. Kazi ya dakika mbili, na inaongeza mwanga bure.

Jambo la mwisho kwako, na ndilo watu wa pikapu wengi wanalisahau. Ukipakia samaki, mkia unashuka na pua inainuka, taa zinamulika matawi. Kwa hiyo zipangwe gari likiwa na mzigo wako wa kawaida. Simama penye usawa karibu na ukuta, weka alama ya chaki palipo katikati ya kila taa, kisha rudi nyuma mita 10. Mstari wa juu wa mwanga wa dimu uwe sentimita 10 chini ya alama. Na kagua taa za nyuma pia, maji ya samaki yanakula soketi zake haraka, na lori linalokufuata linazihitaji.

SWALI: Mzee, nilibadilisha taa moja ya kulia iliyovunjika, nikanunua iliyotumika. Tangu siku hiyo kila gari linalonijia linanipigia fulu, hata nikiwa kwenye dimu. Taa haikupangwa vizuri?
Dereva, Kasese

JIBU: Kijana wangu, nina wasiwasi umeuziwa taa ya nchi wanakoendesha upande wa kulia wa barabara. Hata ukiipanga siku nzima haitakaa sawa. Fanya hivi leo usiku: egesha mbele ya ukuta, washa dimu, funika taa moja kwa gunia, angalia mwanga wa nyingine, halafu badilisha. Sisi Uganda tunakwenda kushoto, kwa hiyo ile ngazi ya mwanga, yaani pale mstari wa juu wa mwanga unapoinuka ukutani, inapaswa kupanda upande wa kushoto, imulike watembea kwa miguu na boda boda walio kando ya barabara. Kama ya taa uliyonunua inapanda kulia, inaingia moja kwa moja machoni mwa wanaokuja. Irudishe dukani, na safari hii nenda na ile iliyovunjika mkononi, ulinganishe michoro ya kioo na namba zilizochongwa juu yake kabla hujalipa. Kama ngazi zote mbili zinapanda kushoto, basi ni mpangilio tu, na bisibisi ya fundi itatosha.