Neno "kwanza": kwa mnaoanza ukatekista, kazi ya kufundisha dini kanisani, hapa Bagamoyo

Wadogo zangu mlioitwa na paroko Jumapili, niliwaona mlivyotoka mkutanoni. Wawili mlisema "nipo tayari" kabla padri hajamaliza kueleza. Wengine mliangalia chini.

Mimi nilikuwa wa kuangalia chini. Nilimjibu padri, "Ngoja kwanza nipaue." Nyumba ilikuwa imefika kwenye lenta. Nikapaua; ikaja kwanza ya plasta, halafu kwanza ya ada ya mtoto. Miaka mitatu ikakatika, na kila sababu niliyotoa ilikuwa ya kweli. Hapo ndipo ugumu wake ulipo, maana hakuna aliyeweza kuniambia nadanganya.

Fungueni Luka 9, mstari wa 57 hadi 62. Wa kwanza anajitolea mwenyewe, atafuata popote. Yesu hamshangilii, anamwambia mbweha wana pango na ndege wana viota, lakini Yeye hana pa kulaza kichwa. Wawili wanaofuata wote wana neno lilelile. Kwanza nikamzike baba. Kwanza nikawaage wa nyumbani. Luka hasemi waliishia wapi, na kila nikiufikia mstari huo naiona nyumba yangu isiyo na bati.

Basi asiwepo wa kumcheka mwenzake anayesita. Musa alisita mbele ya kijiti kinachowaka mpaka akaomba atumwe mwingine. Yeremia alisema yeye ni mtoto, hajui kusema. Lakini walimwambia Mungu mwenyewe, hawakujificha. Nanyi fanyeni hivyo: "kwanza" yako iseme kwa sauti mbele ya paroko au mlezi wako. Mara nyingi ukiitamka utagundua ya chini yake ni nyingine kabisa, deni, au ugomvi na ndugu, au aibu ya kusimama mbele ya watu waliokujua ukiwa mlevi. Hayo yana msaada. "Sina muda" haina msaada wowote.

Mliojibu haraka, nanyi nina neno lenu. Wavuvi walioitwa na Yesu waliacha nyavu zao mara moja, lakini kuacha nyavu si jambo dogo. Nimeshona nyavu ufukweni hapa kabla ya ukatekista: sindano mkononi, uzi umefungwa kwenye kidole gumba cha mguu, jua utosini, na wavu wenyewe ni wa tajiri. Marko 1:20 inasema Yakobo na Yohana walimwacha baba yao Zebedayo chomboni pamoja na watu wa mshahara. Mzee hakubaki peke yake. Kwako atabaki nani chomboni? Mwenzangu mmoja alianza kwa moto mkubwa bila kukaa na mkewe wakazungumza. Kwaresima haikuisha, akawa haonekani tena. Yule mama hakuwa na kosa, hakuulizwa.

Mkipata nafasi, piteni makaburini pale misheni ya zamani. Mapadri wa shirika la Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868, na wengi homa iliwamaliza wakiwa vijana. Sisemi hili kuwatia aibu. Simameni tu pale, msome miaka iliyoandikwa, muombe.

Jumamosi saa kumi alasiri tunaanza na Marko sura ya kwanza. Anayetoka baharini asirudi kwanza nyumbani kubadilisha nguo. Aje hivyo hivyo.