Kwa vijana wanaokwenda dago kwa mara ya kwanza

Wadogo zangu, karibuni dago, yaani kambi ya wavuvi mbali na nyumbani. Nawakaribisha kwa moyo mmoja, maana bahari inahitaji mikono yenye nguvu na sisi wa zamani migongo imeanza kulalamika. Lakini wiki hizi nimewatazama mkishuka ufukweni Kilwa Masoko na mabegi ya mgongoni, sola za kuchajia simu, spika za muziki, mbegu za nyanya na za kitu kingine nitakachokitaja huko chini, na hakuna hata mmoja aliyeuliza maji yatatoka wapi. Kijana mmoja aliniambia amechoka na bosi, kodi ya chumba na luku. Anataka aishi kwa alichovua na alichopanda, basi. Nimemwelewa vizuri, kwa sababu ndicho kilichonitoa mimi nyumbani. Ila visiwa vidogo vya kaskazini ya kisiwa cha Songosongo, kama Okuza na Nyuni, vinakupa samaki, kivuli na kuni za kuokota. Vingine vyote unavuka navyo. Basi kabla nanga haijang'olewa, someni haya. Nimeyatia namba ili mtu asije akasema hakuambiwa.

1. Maji. Piga hesabu ya lita nne kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia peke yake. Kuoga ni baharini. Juu ya hapo weka akiba ya siku ambazo kusi, upepo mkali wa kusini, itawazuia kuvuka.

Hii namba moja sitaipita haraka. Miaka ile mimi ndiye niliyekabidhiwa maji ya kambi. Utaratibu tuliourithi ulikuwa madumu ya lita ishirini, kila dumu na alama yake, yakipangwa kivulini na kufunguliwa moja moja. Nikaona ni usumbufu. Sokoni nikapata pipa la plastiki la bluu, la lita 200, kwa bei ya kutupa. Muuzaji akasema lilikuwa la mafuta ya kula. Nikalisugua kwa mchanga na sabuni ya unga, nikalianika, nikaingiza kichwa nikanusa mara moja nikaridhika. Tulipofika kambini nikamimina madumu karibu yote ndani ya pipa, na madumu yaliyobaki matupu tukayatia mafuta ya taa na maji ya chumvi ya kulowekea samaki. Niliamini nimewarahisishia wenzangu kazi.

Usiku wa kwanza chai ilikuwa na harufu. Mpishi akasema ni moshi wa kuni mbichi. Asubuhi nikachota kikombe nikakiinamisha kwenye jua, nikaona juu ya maji utando mwembamba unaotembea, wenye rangi za upinde wa mvua. Lile pipa lilikuwa limebeba dizeli. Plastiki hunywa mafuta, kisha huyatoa polepole, na hakuna sabuni inayofika huko ndani. Maji yetu yote yalikuwa humo. Kilichosalimika ni nusu dumu jikoni, ambalo mpishi kwa uvivu wake uliobarikiwa hakuwa amelileta nilimimine.

Mdogo kuliko wote katika chombo alikuwa ameamka usiku na kiu, akanywa gizani. Akaanza kukohoa na kushika tumbo. Tukamshika tukamtia vidole kooni atapike. Vijana, msifanye hivyo hata siku moja. Mafuta yakirudishwa juu kwa nguvu huingia mapafuni, na hapo ndipo yanapoua. Mtu aliyemeza petroli, dizeli au mafuta ya taa usimtapishe; mkalishe, mtulize, mpeleke hospitali. Sisi hatukujua. Alitapika, na kikohozi chake kikabadilika sauti.

Jioni hiyo hiyo kusi ikaanza kuvuma kwa nguvu. Songosongo iko upande upepo unakotoka, na mashua yetu ilikuwa ya tanga. Kupiga bisha, yaani kwenda kwa kona kona dhidi ya upepo, katika bahari ile ukiwa na mgonjwa, nahodha alikataa, na alikuwa na haki. Tukachimba nyuma ya mivinje, maji yakaja, ukiyaonja ni bahari tu iliyochujwa mchanga. Nahodha akatufundisha la mwisho: sufuria ya maji ya chumvi motoni, kikombe katikati yake, kifuniko kigeuzwe kichwa chini, na juu ya kifuniko kitambaa kilicholowekwa baharini. Mvuke unagonga kifuniko kilichopoa, unatiririka hadi kwenye kirungu cha kifuniko, unadondoka kikombeni. Tulichoma kuni jioni nzima tukapata kikombe kimoja. Watu sita. Nahodha aligawa kwa kizibo cha chupa, na mgonjwa akapewa zamu mbili.

Nguru na papa tuliokuwa tumewapasua walibaki juu ya chanja. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuwageuza. Nzi wakafanya yao, na kazi ya bamvua zima, siku za maji makubwa, ikaisha kwa funza. Upepo ulipolegea alfajiri tukapandisha tanga kwa umande, ule upepo mwepesi wa alfajiri utokao bara, tukaacha kila kitu, tukafika zahanati jua likizama.

Kijana alipona, lakini kifua chake hakikurudi kama zamani na kuzamia akaacha. Mama yake alinijia nyumbani. Hakupiga kelele. Alitaka kujua kama kabla ya kutia maji nililinusa lile pipa. Nikamwambia nililinusa, ila upesi upesi. Akaitikia kwa kichwa, akaaga. Tangu siku ile sijawahi kumwachia mtu mwingine kazi ya maji.

Kwa hiyo: dumu la maji ni la maji mpaka lipasuke. Lisilojulikana asili yake halipandi. Jipya litie maji kidogo, lifunge, liache juani hadi jioni, kisha fungua unuse na uonje. Na maji yasikae yote katika chombo kimoja, hata kama chombo hicho ni cha dhahabu.

2. Upepo. Nenda na umande, rudi na upepo wa baharini mchana. Ukiona nahodha ameangalia kusini mara ya pili bila kusema neno, anza kufunga vitu.

3. Chumvi. Kilo moja kwa kila kilo tatu za samaki, ipakwe mpaka kwenye mifupa, na samaki akae juu ya chanja, asianikwe mchangani. Anayebania chumvi anauza harufu.

4. Umeme. Gesi ya Songosongo imekuwa ikisafiri kwa bomba kwenda kuzalisha umeme Dar es Salaam tangu 2004. Sisi majirani zake wa dagoni tuna tochi za kichwani na sola. Sola ni ya tochi kwanza, simu ya nahodha pili. Spika ya muziki haimo kwenye foleni.

5. Pweza. Hapa ndipo mnaponiudhi na kunifurahisha kwa pamoja, maana mna macho makali na papara kubwa. Bamvua likifika, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukauka kati ya saa nne na saa sita mchana, na mwamba wote unakuwa shamba. Mnakimbia. Acheni kukimbia. Tafuta mlango wake: shimo dogo, mbele yake pamefagiwa, na pembeni kuna takataka za chakula, magamba ya kaa na makome yaliyotobolewa. Ukiona mawe madogo yamepangwa mdomoni kama mtu aliyefunga duka, simama. Huyo huenda ni jike aliyelalia mayai. Halili, hatoki, analinda na kuyapulizia maji mpaka yaanguliwe, halafu anakufa. Ukimtoa umechukua kilo mbili leo na kutupa mwamba wa mwakani. Mwache.

Aliye huru, ingiza fimbo taratibu, naye ataishika mwenyewe. Usivute, msumbue kidogo mpaka atoe mikono, ndipo umnase kichwani. Aliye chini ya gramu 500 sheria inakataza kumchukua, na hata bila sheria huyo ni mtoto. Pweza hukua haraka mno, miezi michache tu inambadilisha kabisa, ndiyo sababu vijiji vingine hufunga mwamba kwa miezi mitatu na siku ya kufungua watu hushindwa kubeba. Mkikuta mwamba umefungwa, zungukeni. Na mkielekea kaskazini zaidi mnaingia Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyopo tangu 1995, yenye masharti yake ya leseni na zana. Ulizeni kabla, si mkishakamatwa.

6. Visivyoliwa. Bunju, yule samaki anayejivimbisha kama mpira, asiingie chunguni. Sumu yake haiishi kwa kupikwa. Kasa naye kwanza analindwa na sheria, pili nyama yake huweza kuwa na sumu ambayo huioni, huinusi, wala moto hauiondoi. Machi 2024 Kisiwa Panza, Pemba, nyama ya kasa iliua watoto 8 na mtu mzima 1. Mtu akikwambia "wazee wetu walikula", mtajie Panza. Ukichomwa na mwiba wa samaki aitwaye taa, tia mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, na uuache humo mpaka maumivu yapungue.

7. Kuwinda. Tukilala upande wa bara, kuna wanaosikia paa akikohoa kichakani, mara wanatafuta waya wa kutegea. Sheria ya wanyamapori ya 2009 inataka leseni, na waya hauchagui: unanasa paa, unanasa mbwa wa watu, unanasa mnyama mwenye mimba. Umekuja kuvua. Bahari ikikataa siku moja kuna dagaa wakavu na maharage kwenye gunia, tena hesabu ya magunia hayo naisimamia mwenyewe.

8. Bangi. Tuongee kikubwa. Najua wengi wenu mnavuta, na najua mnakoitoa hoja: Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua 2018 kuwa mtu mzima anaweza kuipanda na kuitumia kwake faragha. Ni kweli. Lakini hapa ni Kilwa. Kwetu kuipanda, kuwa nayo na kuivuta vyote ni kosa, sheria ya dawa za kulevya ya 2015 haina mchezo, na doria ikikuta mche kambini haitauliza ni wa nani peke yake. Mashua, mashine na nyavu vinaingia kwenye kesi, na vile ni mali ya mtu aliyekuamini.

Msimu uliopita kijana mmoja, tena mchapakazi ninayempenda, alikata dumu katikati akajaza udongo aliokuja nao kutoka bara, akapanda miche miwili nyuma ya kibanda. Nilianza kushangaa hesabu ya maji. Kila asubuhi dumu lilipungua kuliko tulivyolala nalo. Nikadhani ni mvujo. Nikakagua vizibo, nikahamisha madumu, nikalala jirani nayo. Alfajiri nikamwona anachota kikombe, anazunguka nyuma ya kibanda, anamwagilia. Maji ya kunywa! Katika udongo ule uliojaa chumvi ya upepo, ile miche ilikuwa inakunywa karibu kama mtu wa saba, na bado majani yalikuwa ya njano. Niliing'oa mbele yake nikaitia motoni, tukakaa wote upande ambao moshi hauendi. Alikasirika siku nzima. Jioni nikamkalisha nikamhadithia habari ya pipa, yote, mpaka alipofika mama wa yule kijana. Ndiye sasa anayenisaidia kukagua madumu, na ni mkali kuliko mimi.

Kuna sababu nyingine ya kiufundi. Bangi hukausha mdomo, na mvutaji hunywa maji na kula sukari ya kambi kama amefunga mwezi mzima. Pia humpotezea mtu hesabu ya muda. Mwambani muda ndio kila kitu, maana maji yakianza kujaa yanakuzunguka kwa nyuma kupitia mkondo, wewe ukiwa bado unachungulia shimo. Anayezamia, anayeshika usukani na anayekagua nanga usiku, hao nataka vichwa vyao vikiwa vyao.

9. Kalafati. Jifunzeni kuziba nyufa za mashua kwa pamba na sifa, yaani mafuta ya papa, mkiwa nchi kavu, mkono ukiwa umetulia. Kujifunzia baharini huku mwenzio anakumba maji ni mateso ya watu wawili.

10. Mgao. Samaki wakishauzwa, kwanza hutolewa gharama: mafuta, chakula, chumvi, barafu. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa, fungu la chombo, fungu la nyavu, fungu la watu. Kila msimu kuna kijana anayelia kuwa amedhulumiwa, kumbe hakujua gharama zimeandikwa kiasi gani. Na, semeni nami ukweli, kuna misimu ambayo kweli amedhulumiwa. Dawa ni moja. Kabla hujapanda, mwombe nahodha akuonyeshe daftari, akusomee gharama ya kila kitu mlichopakia, nawe ukiandike kwako. Mwambie kwa heshima, "Nahodha, naomba tuhesabu pamoja." Nahodha mwema atakaa chini na wewe. Akifoka, shuka na begi lako, kuna vyombo vingine vinatafuta watu.