Kabla hujakodi kijiko kunyoosha mto

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo mawili: kwa nini Mto Rau unazidi kulimega shamba lako kule Kahe, tambarare ya chini ya mji wa Moshi, kila masika, na kama mkichanga wewe na majirani mkakodi kijiko, ile mashine ya kuchimba, kuunyoosha, utatulia. Naanza na la pili maana ndilo litakalokula hela yako. Msinyooshe. Kwetu upande wa Mabogini kuna watu walifanya hivyo. Maji yalipata njia fupi, yakaongeza kasi, yakachimba chini, na kona mpya ikajitengeneza mbele kidogo kwa jirani ambaye hata kwenye kikao hakuitwa.

Sasa la kwanza. Sisi tuna kihamba (shamba la ukoo la mlimani) Uru na shamba huku tambarare, kama familia nyingi za Kichaga, kwa hiyo mto huo huo nauona juu na chini. Kule juu hauhami. Umo ndani ya korongo, uhamie wapi? Ila huko ndiko unakobebeshwa mzigo wa udongo na mchanga. Ukishauvuka mji wa Moshi mteremko unaisha, maji yanaishiwa nguvu na mzigo unatuliwa. Kitanda cha mto kinapanda mwaka hadi mwaka, maji yanatafuta pa chini zaidi, na pa chini zaidi ni jaruba lako.

Tuelewane: mto wa tambarare huhama hata pasipo binadamu. Kwenye kona, maji ya upande wa nje yana kasi na yanakula ukingo, ya upande wa ndani yanazubaa na kuacha mchanga. Tunachobadilisha sisi ni kasi ya kuhama huko. Nenda kwenye kona yako baada ya mvua kubwa, mto ukiwa umeanza kupungua. Utaona ufa umejichora sambamba na ukingo, hatua moja hivi kutoka ukingoni, na mahindi yamesimama vizuri kabisa juu ya kipande hicho. Chini kumeshaliwa. Udongo umelowa, ni mzito, na maji yaliyokuwa yanauegemeza yameshuka. Kinaanguka kipande kizima na mahindi yake. Ndiyo maana watu wanashangaa shamba linakwenda wakati mafuriko yameshapita.

Mzigo umetoka wapi? Angalia kihamba cha zamani: mringaringa juu, migomba chini yake, kahawa, halafu magimbi. Tone la mvua linagonga majani mara kadhaa kabla ya kufika ardhini. Bei ya kahawa ilipowakatisha watu tamaa wengi waling'oa, wakaweka mahindi na nyanya, au wakajenga. Simlaumu mtu, ada ya shule hailipwi kwa kivuli. Lakini shamba la mahindi mwezi wa tatu ni udongo mtupu, na masika ndiyo inaanza. Ongeza mifongo (mifereji ya asili ya maji) iliyotelekezwa: zamani ukoo mzima ulitoka kuisafisha, siku hizi mingine imeachwa, na maji yakiingia yanaitanua hadi inakuwa korongo.

Mji nao una lake. Mabati, lami na pevingi hazinywi maji. Mvua iliyokuwa inazama na kufika mtoni taratibu sasa inafika yote kwa mpigo, na ni yale maji ya mpigo mmoja yanayobomoa kingo, siyo ya mwaka mzima.

Kuna mchangiaji hapo juu amesema wachimba mchanga wanatusaidia kupunguza mzigo. Siafiki. Wao hawachoti pale penye tatizo, wanachota pale tipa inapofika, mara nyingi chini ya ukingo. Shimo likishakuwepo, maji yanayoingia yanapata mporomoko, yanachimba kurudi nyuma kuelekea juu, na kingo za pande zote mbili zinakosa mguu.

Halafu sisi wenye mashamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Huku tunalima mpaka jembe linaingia majini, matete yamefyekwa, mikuyu imegeuka kuni. (Tena mto wenyewe ukihama, hizo mita 60 zinahama nao. Wengi wetu tumejikuta ndani bila kusogea.)

Ningekuwa wewe ningeacha kulima ukanda wa upande wa nje wa kona, nikachomeka vipande vinene vya mkuyu mwanzoni mwa mvua, mbele yake matete. Vinashika, na ng'ombe wasipoachiwa vinadumu. Mawe ya kwenye nyavu yanafaa tu kama mwisho wake umefungwa vizuri kwenye ardhi ngumu, vinginevyo maji yanapita nyuma yake. Na kabla hujagusa mkondo pita Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ofisi ziko hapa hapa Moshi. Nendeni kama kikundi, na wa ng'ambo ya mto muwe nao.

Halafu fungua Google Earth, rudisha picha za miaka ya nyuma za eneo lako, uone kona inasogea kuelekea wapi. Kama inateremka kufuata mto, huenda ikakupita yenyewe ukabaki na mchanga upande wako. Kama inapanuka kuja kwako, usijenge hata banda la kuku huko. Weka hizo picha hapa tuzitazame.