Aki isiyopasuka haipikwi

Shikamoo shangazi. Nimeolewa Montego Bay, na mama mkwe anakuja kula kwangu Jumapili. Nataka kumpikia aki, tunda la huku linalopikwa kama mboga, na samaki wa chumvi, ila aki nilizochuma uani bado zimefumba. Nikizipasua kwa kisu nikazichemsha sana, zitafaa?
M., Jamaika

Marahaba mwanangu. Hapana, usizipike! Aki ambayo haijapasuka yenyewe mtini ina sumu iitwayo haipoglisini. Hushusha sukari ya mwili ghafla. Mtu hutapika, na wapo waliokufa. Moto hauiondoi. Zitupe, watoto wasizifikie.

Chuma zilizojifungua zenyewe, zinazoonyesha mbegu nyeusi na nyama ya manjano. Toa mbegu na ule utando mwekundu wote, usibakize hata uzi. Chemsha, kisha maji yake mwaga; usiyapikie kitu kingine. Ukizikosa, nunua za kopo bila aibu, Wajamaika wengi wa Uingereza hupikia hizo.

Samaki mloweke usiku kucha, mchemshe, umnyambue na kutoa miiba. Kaanga kitunguu, nyanya, pilipili hoho, thaimu na pilipili mbuzi kidogo, halafu samaki. Aki iingie mwisho kabisa, uigeuze taratibu kwa mwiko, maana huvurugika upesi. Chumvi usitie kabla ya kuonja.

Mama mkwe mwekee na shelisheli la kuchoma. Mimi ndilo ninalolipenda zaidi na mlo huu, kuliko hata ndizi mbichi za kuchemsha.