Kabla hujaikataa santuri, hesabu mizunguko

Mwaka 2014 nilirudi Lubumbashi kutoka Johannesburg na sanduku la vipuri vya gari, na katikati ya vipuri nimeficha santuri ya National Wake. Hawa ni vijana, Weusi kwa Weupe, walioanza kupiga panki, ile roki ya mbio na hasira, pamoja Johannesburg mwaka 1979, wakati sheria ya kwao iliwakataza hata kukaa mtaa mmoja. Gary Khoza kwenye besi, ndugu yake Punka kwenye ngoma, Ivan Kadey kwenye gitaa. Albamu yao ya 1981 iliuza nakala kama 700 tu, kisha ikaondolewa madukani. Yangu ilikuwa ya kuchapwa upya.

Nikaiweka, nikachoka nayo siku hiyohiyo. Panki gani hii inayotembea kama mzee anayekwenda misa? Mwimbaji kama kaamshwa saa nane za usiku. Miaka mingi nikawaambia watu: historia yao tamu, muziki wao chapwa.

Kiangazi kilichopita nilipeleka gramafoni kwa fundi, komini ya Kenya (ya hapa kwetu, si ile nchi), kwa sababu ilikuwa inakwaruza. Nikachukua na santuri ile ya kujaribia; sikuihurumia. Fundi akasikiliza nusu wimbo, akacheka.

“Miziki haina na kosa, papa. Ni mukanda ndjo inachoka.”

Mkanda wa mpira unaozungusha sahani ulikuwa umelegea. Fanya alichonionyesha: bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, weka sindano juu ya santuri, shika saa ya simu, hesabu karatasi inapita mara ngapi kwa dakika 3. Santuri kubwa lazima ifike 100. Yangu ilipita mara 92. Ukipata pungufu, tafuta mkanda wa kipimo chako, usifunge mpira wa kufungia noti kama nilivyotaka mimi, na kabla ya kuuvalisha futa kapi ya mota kwa spiriti.

Kukwaruza kulikuwa vumbi letu jekundu. Maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ukifuata mifereji kwa mzunguko. Karatasi ya katikati isilowe. Halafu uzisimamishe kama vitabu. Zikilaliana kwenye joto hupinda.

Usiku ule nilisikiliza pande zote. Besi ya Gary inaruka, rege inaingia ndani ya panki bila kubisha hodi, na yule mwimbaji wangu wa usingizi kumbe ana haraka na hasira. Nikairudia mara tatu.

Kinachonisumbua sasa ni santuri nyingine. Miaka ile niligawa nne “zilizopoa”. Tatu anazo shemeji yangu huko Likasi, anazipenda sana, na bado sijapata maneno ya kumwomba.